Kompyuta ya Wifi Haina Skrini

Wifi yangu hapendi kuvushwa barabara. Ukimshika kiwiko bila kuombwa, atasimama palepale katikati ya lami, magari yapige honi yatakavyo, na kukuuliza, "Unanipeleka wapi?" Ukimwachia, yeye ndiye atakushika wewe begani, na mtavuka kwa mwendo anaoutaka yeye. Nilifundishwa hayo siku ya kwanza niliyoletwa kutambulishwa kwa ndugu wa mume wangu, na tangu hapo tumepatana, maana na mimi sipendi kuburutwa.

Wanangu humwita Shangazi, na kwa kuwa wanangu hawana siri, sasa mtaa mzima humwita hivyo, hata watu waliomzidi umri. Ujanani alikuwa mpiga chapa wa ofisi. Macho yalianza kumwacha taratibu. Kwanza akaacha kuona vya pembeni, kisha vya mbele, mpaka ikabaki kujua tu kwamba taa imewashwa, na mwisho hata hilo likaisha. Vidole havikusahau kitu. Chama cha wasioona kikampa mafunzo na kompyuta, na kwa kompyuta hiyo amekula jasho lake miaka yote niliyomfahamu, katika vyumba vyake viwili juu ya duka la vioo vya madirisha, ambamo kila kitu kina mahali pake na ole wake anayehamisha kijiko.

Kazi yake ni kunukuu. Watu wa mikutano na utafiti humletea sauti zilizorekodiwa, naye huzisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Chini ya meza kuna pedali kama ya cherehani. Akiikanyaga, sauti inakwenda. Akiinua mguu, inasimama. Akiigonga kwa kisigino, inarudi nyuma kidogo. Akimaliza, kompyuta humsomea alichoandika ili ashike makosa. Sauti inayosoma ni ya mwanamume, na hakuna aliyewahi kumfundisha Kiswahili. Hutamka maneno yetu kama mtu aliyeshuka uwanja wa ndege jana na bado anatafuta begi lake. Wifi alimpa jina la Mgeni. Amemzoea kiasi kwamba herufi moja ikikosewa, anaitambua kwa jinsi Mgeni anavyojikwaa.

"Huyu," huniambia, "ndiye mwanamume pekee anayenisomea bila kuongeza ya kwake."

Basi siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua chumbani, na Mgeni hakuitika. Fundi aliyeifungua ile kompyuta alisema bodi imekufa na ya kuibadilisha haipatikani. Ilikuwa Mac, aina inayotengenezwa na kampuni moja tu, na bei ya Mac mpya ni ya kumfanya mtu aombe kiti.

Jirani akamwazima kompyuta ya kawaida, nayo ina sauti yake ya kusoma. Wifi aliijaribu kwa moyo safi. Lakini vidole vyake viliendea chumvi vikakuta sabuni. Kila amri aliyoizoea ilikuwa mahali pengine au haikuwepo kabisa, na ile sauti nyingine ilimsomea kwa namna iliyoficha makosa yote aliyozoea kuyasikia.

"Si kwamba ni mbaya," alisema, akisukuma kiti nyuma. "Ni jiko la mtu mwingine. Nikipewa mwaka nitalizoea."

Hakuwa na mwaka. Mezani kulikuwa na rekodi za kikao kirefu, ambazo ofisi ilizitaka kabla ya mwezi kwisha, na ofisi ile haikuwa ya kubembelezwa. Angechelewa angemwaga unga. Tena kulikuwa na kaka mkubwa.

Kaka mkubwa wa mume wangu ni mtu mwema, ila wema wake una uzito wa kabati. Aliposikia kompyuta imekufa alikuja siku hiyohiyo, akaketi kitandani kwa wifi, akapumua.

"Sasa imetosha, mdogo wangu," alisema. "Umefanya kazi, umeonyesha, kila mtu amekubali. Chumba kipo kwangu. Nimeshakipaka rangi. Hata chai utaletewa."

"Rangi gani?" wifi akauliza.

Kaka akababaika. "Bluu hivi. Ya kupumzisha macho."

Nilitazama sakafu ili nisicheke. Wifi hakucheka. Alikuwa amekunja vidole vyake mapajani, na vidole vyake havijui kukaa bure. Akaomba apewe mpaka mwisho wa mwezi. Kaka akakubali shingo upande, akasema mwisho wa mwezi atakuja na pikapu na kamba, na kama kompyuta itakuwa haijafufuka, basi wafunge vitu na mambo yaishe. Alipotoka, wifi alinigeukia.

"Wifi, nikihamia kule wataniletea chai mpaka nife."

Hakuwa anatania. Nilimjua vya kutosha kuitambua sauti yake anapoogopa, na siku ile ilikuwa imeshuka, karibu haisikiki.

Mume wangu ni fundi wa mashine za fotokopi. Mtaani anaitwa Bisibisi, kwa sababu haijawahi kutokea akakosa bisibisi mfukoni. Hata siku ya harusi yetu ilimchoma pajani alipoinama kutia saini. Nyumbani kwetu kuna chumba ambacho sijaiona sakafu yake tangu tuhamie. Mna feni, nyaya, makasha ya kompyuta yaliyotupwa na maofisi, na vitu ambavyo yeye mwenyewe akiulizwa ni vya nini hujibu, "Vitafaa." Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, vikafaa.

"Dada," alimwambia, "nitakujengea."

Kumbe duniani kuna watu, tena wengi, wanaochukua vipande vya kompyuta za kawaida, wakaviunga wenyewe, halafu wakauweka humo mfumo wa Mac, yaani programu inayoiendesha. Kampuni yenye mfumo haiwatambui na haitaki kusikia habari zao. Ukikwama, huna wa kumpigia simu. Hufundishana wenyewe kwa wenyewe mtandaoni, huyu bodi yake ilikubali hivi, yule yake ilikataa vile. Kazi yenyewe ni kuufanya mfumo, unapoamka, uamini kwamba umeamkia kwao.

"Yaani unaudanganya," nikamwambia mume wangu.

"Naukaribisha," akasema, bila kuinua uso.

Wifi alipoelezwa, aliuliza swali moja tu. "Mgeni atakuwemo?"

"Atakuwemo."

"Basi jenga."

Akaijenga palepale juu ya meza ya dada yake. Kasha lilikuwa jeusi na ubavu wake wa kijivu, kwa kuwa ule wa asili ulipotea. Bodi ilitoka kwenye kompyuta moja, memori kwenye nyingine, diski akanunua mpya. Wifi aliomba kila kipande kabla hakijafungwa, akakipapasa, akauliza jina lake. Kibodi ilikuwa yake ya zamani, iliyonusurika, yenye tone la gundi kavu kwenye kitufe anachoanzia. Mimi nilileta chai na kejeli. Nikaibatiza mashine ile jina la Wa Kambo, na jina likashika.

Wa Kambo alikuwa mkaidi. Mara aliamka akazima mwenyewe, mara akaganda katikati kama mtu aliyesahau alichoingilia jikoni. Hayo Bisibisi aliyamaliza. Kilichomtoa jasho ni skrini. Alikuwa amebeba skrini kubwa kutoka kwetu, tena nzuri, akaipachikia kadi ya picha aliyoitafuta kwa muda mrefu, na mfumo haukuitaka kadi ile. Kompyuta ilikuwa inaamka, lakini skrini inabaki nyeusi tii. Siku zikaenda. Mume wangu akawa anakula huku anasoma simu, anaoga huku anahesabu kitu kwa vidole. Wifi alimuuliza mara moja au mbili kama kuna jambo la kumsaidia, akaambiwa, "Bado kidogo, dada, nakaribia kuona kitu."

Alasiri moja nilikuwa chini dukani nikasikia ukelele. Nikapanda ngazi mbio. Skrini ilikuwa imejaa picha, milima na ziwa, rangi zimekolea mpaka ukuta wa pili ukawa na mwanga wa samawati. Bisibisi alinishika kiuno akanizungusha. Wifi alikuwa ameketi kitini pake, mikono juu ya magoti, uso umeelekea palepale zilipokuwa zile rangi.

"Imewaka?" akauliza.

"Imewaka, dada! Laiti ungeona hizi rang..." Akajiuma ulimi.

"Nimefurahi," wifi akasema. "Mbona kimya?"

Nadhani hapo ndipo mume wangu alipojua alichokifanya. Nilimwona akiitazama skrini, kisha dada yake, kisha skrini tena. Karibu mwezi mzima alikuwa amepigana na kioo, kwa ajili ya mtu asiye na haja na kioo. Hakuwahi kufikiria sauti, kwa kuwa yeye kompyuta huitazama. Nilitaka kumcheka na kumkumbatia kwa pamoja, na nikaishia kumwekea mkono mgongoni, maana pikapu ya kaka ilikuwa karibu kuja na sote watatu tulilijua hilo.

Aliketi tena siku hiyohiyo. Kwenye bodi kuna kijidude kinachoshughulikia sauti, na mfumo wa Mac haukukijua. Dawa yake ni namba. Unaiandika namba katika faili fulani, na kila namba ni ramani yake ya matundu ya sauti, lipi la spika, lipi la maiki. Ziko nyingi, inayofaa pengine ni moja, na hakuna wa kukuambia ni ipi. Unaandika, unazima, unawasha, unasikiliza. Wifi akasogeza kiti. Kila Wa Kambo alipoamka, yeye ndiye aliyebonyeza vile vitufe viwili vya kumwita Mgeni, na kila mara spika mbili za mezani, zilizochomekwa nyuma ya kasha, zikanyamaza.

Kilichouma zaidi ni kwamba Mgeni alikuwa akiamka. Chini ya skrini kulitokea kijisanduku cheusi chenye maneno yake, kwa kuwa mfumo huandika kila anachosema. Ilikuwa kama midomo inayocheza bila sauti.

"Yupo, dada," Bisibisi akasema. "Anaongea. Nikusomee anachosema?"

"Usithubutu."

Aliisema taratibu, lakini mume wangu akarudisha kiti nyuma. Kisha wifi akaongeza, kwa upole, "Namba nyingine."

Siku chache zilizobaki zilikwenda hivyo. Nilianza kuleta maboksi kutoka dukani na kuyaacha chini ya ngazi, ili asiyasikie. Aliyasikia. Asubuhi moja nilimkuta ameshusha sahani zake zote na kuzifuta moja moja, na mtu hafuti sahani zilizo safi isipokuwa anaziaga. Niliingia chooni nikalia.

Siku ya mwisho kabla ya pikapu, Bisibisi alikuwa amebakiza namba za kuhesabika, na uso wake ulikuwa umeshakata tamaa kabla yake. Akaandika, akazima, akawasha. Wifi akabonyeza vitufe vyake. Spika kimya. Mume wangu akavuta pumzi aandike nyingine.

"Subiri," wifi akasema. "Zima feni ya dari."

Nikaizima.

"Na wewe, wifi yangu, acha kukoroga hiyo chai."

Nikaacha kijiko. Chini mtu alikuwa anakata kioo, akamaliza. Wifi aliinamisha kichwa.

"Kuna mtu anaongea humu ndani."

"Ni redio ya dukani," Bisibisi akasema.

"Si redio. Redio inajua Kiswahili."

Akainuka. Akafuata ukingo wa meza kwa mkono, akapita spika bila kuzigusa, akafika kwenye kiti ambacho mume wangu alikuwa ametundika koti lake. Akaingiza mkono chini ya koti, akatoa zile hedifoni kubwa za Bisibisi, waya wake umechomekwa kwenye tundu la mbele la kasha. Alizichomeka yeye mwenyewe siku alipoanza zile namba, akajaribu, hazikutoa kitu, akazitundika, akatupia koti juu yake, akazisahau. Tangu hapo alikuwa akiandika namba na kukodolea spika tu, asijue kwamba kuna namba zinazofungua tundu la mbele peke yake.

Wifi akaweka upande mmoja sikioni. Nilimwona akisikiliza, kisha machozi yakamtoka katika yale macho yasiyomfaa kwa lolote lingine.

"Ni Mgeni," akasema. "Analisomea koti."

Bisibisi alikaa chini sakafuni. "Tangu namba ipi?" alijiuliza. "Huenda tangu juzi. Dada, huenda tangu juzi anaongea na koti langu."

"Alikuwa na nani mwingine wa kuongea naye?" wifi akasema, akacheka huku analia, na mimi nikamwaga chai yote kwa kumkumbatia.

Alipojipangusa akaanza kutoa amri. Kwanza, skrini iondoke, maana inakula nafasi ya kikombe. Haikuwa rahisi kama wifi alivyodhani, kwani mfumo ule haupendi kuamka bila skrini, na ilibidi Bisibisi atie nyuma ya kasha kijiplagi kidogo kinachouambia kwamba skrini ipo. Mume wangu, ambaye hajui kunidanganya hata kuhusu bei ya soksi, aliidanganya kompyuta ile bila haya. Kisha akamfundisha dada yake sharti moja kubwa. Kampuni hutoa toleo jipya la mfumo kila mara, na Mgeni atamsomea ujumbe wa kumkaribisha alichukue. Ujumbe huo atausoma vizuri kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa uko kwa lugha ya kwao.

"Ukikubali, huenda Wa Kambo asiamke tena," Bisibisi akasema. "Usikatae kwa hasira wala usikubali kwa adabu. Chagua baadaye. Kila siku, baadaye."

"Baadaye," wifi akarudia, kama anayejaribu kiatu.

Kesho yake kaka mkubwa alifika na pikapu. Alipanda ngazi na kamba begani na mablanketi ya kufungia kabati. Mimi nilifungua mlango. Mapazia yalikuwa yamefungwa, kwa kuwa wifi hana sababu ya kuyafungua. Alikuwa mezani, hedifoni masikioni, vidole vinakimbia, mguu unacheza juu ya pedali. Mbele yake palikuwa na kikombe na ukuta. Kando, lile kasha jeusi lenye ubavu wa kijivu, limebanwa kwa mpira.

Kaka alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaninong'oneza, na macho yake yalikuwa yamejaa huruma ya kuudhi. "Kompyuta iko wapi?"

Nikamwonyesha kasha.

"Mmemfanyia nini mdogo wangu?" akasema. "Mmempa boksi achezee?"

Wifi aliinua kidole kimoja bila kugeuka. Subiri. Na kaka mkubwa, ambaye katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumwambia asubiri, akasubiri mlangoni na kamba yake begani, mpaka sentensi ikaisha. Ndipo wifi akachomoa waya wa hedifoni, akauhamishia wa spika kwenye lile tundu la mbele, na Mgeni akajaza chumba. Alisoma kurasa za kile kikao kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi, akijikwaa kwenye kila "ng'" na kuinuka.

"Huyu nani?" kaka akauliza.

"Mgeni wangu. Anasoma nilichoandika. Nimeiomba ofisi siku chache za ziada, wamenipa."

"Anasema nini? Mimi sishiki hata neno."

"Mimi nashika."

Kaka akaishusha kamba. Akaketi kitandani, palepale alipoketi mara ya kwanza, na akaonekana mdogo kuliko alivyokuwa. "Nilishapaka rangi," akasema.

Wifi akazima sauti, akaja akipapasa hewa mpaka akapata bega lake. "Najua, kaka."

"Naogopa, mdogo wangu. Kila simu ikilia nadhani ni wewe umeanguka kwenye hizi ngazi."

"Na mimi naogopa," wifi akamwambia. "Lakini niache niogope nikiwa kwangu."

Walikaa hivyo, mkono wake begani mwa kaka. Mimi na Bisibisi tukajifanya tunakunja mablanketi ambayo hayakuwa yamekunjuliwa.

Pikapu haikuondoka tupu. Ilibeba ile skrini kubwa, imefungwa kwa blanketi na kamba, kaka akaangalie mpira katika chumba chake cha bluu. Alipokwishaingia garini akatoa kichwa dirishani na kumpigia dada yake kelele huko juu, barabara nzima ikasikia.

"Chumba simpi mtu! Kipo!"

Pazia likafunguka. Wifi akatokea dirishani, waya wa hedifoni unaning'inia shingoni.

"Baadaye, kaka!" akajibu.

Bisibisi alinitazama, nikamtazama. Gari lilipoondoka tulibaki tumesimama chini ya dirisha kidogo, tukasikia kiti kikivutwa, kisha mguu wake ukitafuta pedali.